Kadi ya Mti Uliopigwa na Radi

Mpendwa mshauri wangu Doña Casilda,

Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, na unisamehe mwandiko, hapa ninapoandikia ni juu ya ndoo iliyogeuzwa nyuma ya nyumba, kwa sababu mume wangu akiniona na kalamu ataniuliza naandika nini, na mimi kudanganya nimeshachoka, wiki zote hizi sifanyi lingine.

Mimi ni mmoja wa akina mama wa parokia tunaotengeneza kadi za faraja. Tunakutana Jumanne baada ya misa kwenye chumba cha katekisimu, tunakata karatasi, tunabandika maua tuliyoyakausha ndani ya vitabu vizito, tunachora, tunaandika maneno mawili matatu, halafu mmoja wetu anakwenda kuisukuma kadi chini ya mlango wa familia iliyopatwa na tabu, waliofiwa, wenye mgonjwa, ambao mahindi yao yamepondwa na mvua ya mawe, kisha anaondoka kabla hawajafungua. Majina hatuandiki. Hiyo ndiyo sheria yetu kubwa tangu enzi za mtawa aliyetuanzishia, kwamba anayefariji hajitaji, na Doña Obdulia anayetuongoza sasa anailinda sheria hiyo kuliko anavyomlinda mumewe. Kadi ya msiba tunayo, hiyo tunaibandika maua ya wafu, yale ya njano tunayoyamwaga mlangoni ili marehemu waione njia ya kurudi nyumbani. Ya ugonjwa tunayo, ni karatasi ya buluu. Ila kadi ya mtu anayesubiri hatuna, Doña Casilda, na hapo ndipo nilipoingia matatani.

Mtaa wa nyuma yetu anakaa Doña Fermina. Mwanawe Nereo aliaga asubuhi kwenda kazini kwenye machimbo ya mawe, hakufika kazini wala hakurudi nyumbani, na sasa tunaingia mwaka wa tatu. Unajua huku kwetu mambo haya yalivyo, hakuna anayeuliza na hakuna anayejibu. Yeye na akina mama wengine waliopotelewa wamejiunga, wanazunguka na nondo na makoleo, wanaichomeka nondo ardhini, wanaichomoa na kunusa ncha yake, wakisikia harufu ya maiti wanachimba. Nikajiuliza, mbona huyu mama hatujawahi kumpelekea hata kadi moja? Nikamwambia Doña Obdulia, akanitazama kama mtu aliyekanyaga ndizi.

"Ya aina gani sasa? Nikimpa ya msiba nimemzika mtoto wa watu. Nikimpa ya ugonjwa, haumwi. Achana naye."

Mimi na kiherehere changu sikuachana naye, nikaitengeneza mwenyewe nyumbani. Maua mengine yote yalikuwa yamekwisha, mezani nilikuwa na yale ya njano niliyokuwa nayakausha kwa ajili ya kadi za msiba, nikayabandika. Naapa sikufikiri. Niliona rangi tu, niliona inapendeza, nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Kisha nikachora mti, ule uliopasuliwa na radi karibu na tangi kuukuu la maji, kwa sababu mimi mti ninaoujua kuchora ni huo mmoja tu, nimeuchora kwenye kila kadi niliyowahi kutengeneza, hata ya mjane wa mwokaji mikate, hata ya mzee Policarpo alipovunjika nyonga. Nikaandika, "Mama, pumzika kidogo. Tuko nawe." Nikaisukuma chini ya mlango, nikakimbia.

Basi Doña Fermina akaokota kadi isiyo na jina, yenye maua ya wafu, yenye picha ya mahali anapopajua. Akina mama hawa, mshauri, habari huwafikia hivyohivyo, mtu ameona kitu na anaogopa, anatupa kikaratasi getini usiku na kupotea, wenzake wawili walipata watoto wao kwa njia hiyo. Kesho yake asubuhi walikuwa wote chini ya ule mti na makoleo yao, na mpaka leo wapo, kila siku isipokuwa Jumapili.

Nilikwenda huko. Nilijiambia nakwenda kusema ukweli, nikapika tamale za unga wa mahindi nisiende mikono mitupu, nilipofika Doña Fermina akanifurahia hadi nikatamani ardhi inimeze.

"Karibu, mwanangu! Weka chakula pale kivulini, chukua lile koleo la mpini mfupi, lile halimtaki mtu ila wewe mfupi mwenzake."

Nikachimba. Nilichimba pamoja naye, Doña Casilda, nikichimbia kitu nilichokichora mwenyewe. Nikamuuliza, "Mama, una hakika ni hapa?"

"Hakika ninayo hii hapa." Akaitoa kadi yangu kifuani, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe jasho. "Tazama alivyouchora, mpaka tawi lililovunjika. Huyu alikuwepo. Huyu ameona."

"Labda ni mtu tu alitaka kukufariji."

"Kwa maua haya?" Alicheka, alicheka kabisa. "Nani mwenye akili timamu atamletea mama maua ya wafu na mtoto hajulikani alipo? Hapana, mwanangu. Huyu ananiambia. Ni mtu mwema, anaogopa tu. Ningemjua, ningembusu mikono yote miwili." Kisha akaitazama mikono yangu. "Na wewe yako imefanyaje, mbona ya njano?"

"Rangi, mama. Tunapaka jiko."

"Mkimaliza mje mnipakie na langu. Limekuwa jeusi kama roho ya diwani."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, nikaenda nyuma ya tangi kuisugua kwa mchanga ile njano ya maua mikononi.

Sasa kuna gari. Lina vioo vyeusi, linasimama barabarani, juu ya pale tunapochimba, halishushi mtu, linakaa linatazama, kisha linaondoka. Wakati mwingine linarudi siku hiyohiyo. Akina mama wanaliona na wanaendelea kuchimba, wanasema kama wanatazamwa basi wamekaribia. Na Doña Fermina ameshaitoa picha ya Nereo ukutani, anasema ampate asimpate, Siku ya Wafu mwaka huu ataiweka kwenye madhabahu ya marehemu pale nyumbani, pamoja na ya baba yake, na mishumaa amekwisha nunua.

Nilimwendea Doña Obdulia nikamweleza yote nikilia. Akafunga mlango kwanza.

"Nyamaza, unanisikia? Mwanamke yule sasa anakula. Anachimba akiimba. Ukimwambia kadi ilikuwa makosa, utakuwa umemwua Nereo, umemfufua, na umempoteza tena, yote kwa mpigo mmoja. Na kadi zetu nani atazipokea tena hapa mjini?"

Nikarudi nyumbani sijui kushoto wala kulia. Siku moja nasema niseme, siku nyingine nasema Obdulia yuko sahihi, mama wa watu angalau ana matumaini ya kuzika. Usingizi sipati. Nikisikia gari linapita nashtuka. Naogopa wasipate kitu wakachimba hadi wafe kwa jua, na naogopa wakapata mtu, maana nchi hii ukichimba popote huwezi kujua. Naogopa mjane wa mwokaji ataiona ile kadi mikononi mwa Fermina na kusema, mbona mti huu ninao na mimi. Nimefikiria pengine nimtengenezee kadi nyingine, bila jina, ya karatasi nyeupe isiyo na ua lolote, nimwandikie kwamba ile ya kwanza haikuwa na maana na asichimbe tena. Mshauri, nifanye hivyo? Au ninyamaze? Naomba unijibu upesi, na tafadhali usinitaje.

Ni mimi,
Mama wa Kadi

DOÑA CASILDA ANAJIBU

Mama wa Kadi,

Kadi nyingine? Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliweka kikombe cha kahawa chini nikatoka nje kupunga hewa. Mwanamke amepokea kikaratasi kisicho na jina, amekitafsiri kama taarifa ya kifo cha mwanawe, na dawa yako ni kumpelekea kikaratasi cha pili kisicho na jina kinachomwamuru aache kuchimba! Unajua atakisomaje? Atasema yule mtu mwema ametishwa. Atasema wenye gari lile ndio walioandika. Kesho yake atachimba kwa mikono miwili na kwa meno. Weka mkasi chini, dada yangu, tena uweke mbali.

Nikuambie kwanza lililo jema, maana baadaye nitakuwa mkali. Chumba kizima cha akina mama wa parokia kilimpita Doña Fermina kwa sababu hakikuwa na karatasi ya rangi yake. Wewe peke yako ndiwe uliyeona kwamba anayesubiri naye ana tabu. Moyo huo nausifu, na usiuache. Ua lile lilikuwa kosa la mtu mwenye haraka, na kosa la namna hiyo lingeisha siku ileile kwa maneno machache mlangoni. Kilichobaki chote, makoleo, jua, gari lenye vioo vyeusi, umekilea wewe kwa kunyamaza. Ulisimama mbele yake na koleo mkononi, akakuuliza habari ya mikono yako, ukamwambia unapaka jiko. Hapo, bibi, ndipo ulipomkosea hasa.

Doña Obdulia anasema mama yule anakula na kuimba. Sawa. Anaimba mbele ya watu wanaomtazama kutoka barabarani, na hajui kwamba hana sababu ya kuwa hapo. Akiwa na ukweli mkononi anaweza kuchagua kuhatarisha roho yake popote apendapo, ameshachagua hivyo mara nyingi na simwambii kitu. Ninyi wawili mmemchagulia, halafu mnaita hiyo huruma. Mwambie Obdulia nimesema anaziogopea kadi zake, hamwogopei Fermina.

Sasa sikiliza. Umenitaka nijibu upesi na nisikutaje. Hukuniwekea jina wala anwani, wala namba ya simu, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukujibu faraghani, njia iliyobaki ni ukurasa huu ambao kila mtu anausoma. Nimebadilisha majina yote, hata ya mzee aliyevunjika nyonga. Mti sikuweza kuubadilisha, bila mti barua yako haieleweki. Gazeti hili linafika kwenu Jumapili na basi la kwanza, linasomwa kwa sauti kwenye foleni ya mkate na kwenye ngazi za kanisa. Kwa hiyo usimalize hata kunywa kahawa yako. Leo hawachimbi, yupo nyumbani, na ni lazima alisikie kwako kabla hajalisikia kwa mwenye kununua mkate.

Pitia kwanza kwa yule mjane na kwa yule mzee, waombe kadi zako uziazime. Ukifika kwa Fermina, usianze na nia yako njema, nia yako hana kazi nayo. Anza na hili: "Kadi niliichora mimi, na kuhusu Nereo sijui lolote." Kisha zipange mezani kando ya ile yake, aone mti, mti, na mti, aone kwamba ni mkono wa mwanamke mmoja asiyejua kuchora mti mwingine. Ulichokiogopa mjane akiseme, kiseme wewe. Halafu nyamaza. Atapiga kelele, pengine atakupiga kofi, usijitetee na usilie kwa sauti kuliko yake. Akikufukuza, kaa kizingitini. Usimwambie aache kuchimba, na picha ile akiitaka madhabahuni au akiirudisha ukutani, mkono wako usiiguse. Habari ya lile gari mwambie ulivyoliona, na wenzake wote waambiwe leoleo, wasiende kule kesho kwa kutojua.

Na ikiwa baada ya hayo yote atasema bado anakwenda kumtafuta mwanawe mahali pengine, wewe unakwenda naye. Koleo la mpini mfupi ni lako tangu leo, siku zote isipokuwa Jumapili, awe anakusemesha au hakusemeshi. Kadi ya mtu anayesubiri, ile mliyoshindwa kuijua rangi yake, ndiyo hiyo.

Tena jambo moja. Ukigonga, atauliza ni nani, na najua utakachotaka kujibu, maana ndivyo ulivyoniandikia hata mimi chini ya barua yako: "Ni mimi." Usijibu hivyo. Taja jina lako lote, la kwako na la baba yako, kwa sauti itakayofika ndani. Na safari hii, mwanangu, usiondoke kabla hajafungua.