Kwa Mama, Aliyekunywa Dawa kwa Mlio wa Gogo

Mwaka umezunguka, Mama, tangu cherehani yako inyamaze. Moyo ndio uliokuchukua, ukiwa usingizini, na daktari alisema hivyo waziwazi. Vile virusi ulivyoishi navyo miaka yote ulikuwa umeshavifunga kamba. Shangazi bado anauliza kama daktari ana uhakika. Tumemwacha, unamjua mwenyewe.

Dada na Kaka wamenitwika mimi, kitinda mimba wako, kazi ya kuandika, eti ndiye mwenye mdomo. Baba ameomba habari za nusu kidonge zisitajwe. Basi tunaanza nazo.

Ulikuwa na mimba yangu. Ulirudi kutoka kliniki na habari nzito: una virusi vya UKIMWI, na umepewa dawa za kukulinda wewe na mtoto. Baba hakufoka, wala hakuuliza umevitoa wapi. Jioni ukaingia chumbani ukamkuta amepiga magoti, kichwa chini ya kabati. Mezani kulikuwa na kisu chake cha bucha, na kwenye sahani nusu kidonge.

"Hii nini?"

"Hiyo yako. Yangu imerukia huku chini."

"Yako? Kwani wewe umepima?"

"Nipime nini tena? Si umeshapima wewe? Mke na mume ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja! Kwa hiyo nikila mimi, unashiba wewe?"

Ulitoa kidonge kingine, kizima, ukakinywa mbele yake. Asubuhi ukamtoa buchani kwake mzobemzobe, na aproni yake ya damu, hadi kituo cha afya. Muuguzi alipomwona akakimbilia bandeji. Ukamwambia, "Mzima huyo. Amekuja kupima."

Mtu anayepasua paja la ng'ombe huku akipiga mluzi, siku hiyo alifumba macho kwa ajili ya ncha ya kidole.

"Umemaliza?"

"Sijaanza, baba," muuguzi akajibu.

Majibu yakatoka: hana virusi. Ndipo Baba akakasirika. "Rudia! Haiwezekani mke wangu apate, mimi nikose!" Muuguzi akamweleza kwamba hutokea, na ndiyo maana kila mtu hupimwa kwa damu yake, si ya mwenzake. Baba akalia palepale. Hakulia kwa furaha, Mama, wewe ulikuwepo. Alilia kwa sababu aliona amekuacha peke yako.

"Hujamwacha," muuguzi akamwambia. "Ila ukimgawia nusu dozi, unavifundisha virusi ukaidi. Vidonge ni vyake, vyote, kila siku. Wewe kwa sasa tumia kondomu, uje kupima tena. Na kama unataka kazi, mkumbushe."

Kazi! Baba alishika neno hilo. Kuanzia siku hiyo, saa ya dawa ikifika, alipiga gogo la kukatia nyama kwa shoka mara tatu, nawe dukani kwako, ng'ambo ya barabara, ukasimamisha cherehani na kuinua kikombe. Wateja walidhani ni wazimu. Ukiwa na nguo ya bibi harusi mkononi, ulikunywa. Mkiwa mmenuniana, aligonga kwa hasira, nawe ukanywa umempa mgongo. Mimi nilizaliwa sina virusi, wakanipima na kurudia mpaka wakaridhika. Baadaye muuguzi akakwambia virusi vimepungua hadi kipimo hakivioni, na maadamu hukatishi dawa, huwezi kumwambukiza mumeo kitandani. Shangazi akashauri basi uache. Ulimjibu, "Wifi, paa likiacha kuvuja, unalibomoa?"

Tunakumbuka ulivyoshona sare za watoto wa jirani ukasahau makusudi kudai. Tunakumbuka pini mdomoni, na maneno yakipita katikati yake bila shida. Na yeyote aliyekuja dukani kushonesha nguo za kwenda kuposa binti wa mtu, ulimpima kiuno, kisha ukamuuliza kama damu ameshapima.

Ulipoondoka, Baba aliacha kugonga. Alikata nyama kwa msumeno, polepole, na jioni zikawa kimya. 

Kisha siku moja akarudi macho mekundu, hata viatu hakuvua.

"Kuna mtu ameniuliza mbona sigongi siku hizi. Anasema dawa zake alikuwa anazinywa kwa mlio wangu. Sasa jioni nyingine zinampita."

"Nani, Baba?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Anayekula nyama."

Kesho yake jioni aligonga mpaka mizani ikaanguka. Dada akachungulia nje aone ni mlango gani utafunguka. Baba akamwambia arudi ndani, mara moja. Tangu hapo hajakosa hata siku moja, Mama. Anagonga, anatazama ng'ambo kwenye duka lako lililofungwa, halafu anafuta shoka.

Tumekumiss sana. Tunaumia bado, na tunacheka bado, kama ulivyotulea.

Wanaokukumbuka ni mumeo mwenye bucha, binti yako mkubwa, mwanao wa kiume na mkewe, kitinda mimba wako, wajukuu wako, wifi yako asiyeamini madaktari, na mtu mmoja wa mtaa huu ambaye hatumjui. Kila jioni, gogo likilia, sote tunakukumbuka, na yeye anainua kikombe.