Sura ya Gari la Mikate

Banda la Oili,
Gereji ya Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wote hapo nyumbani hawajambo? Goti lako linasemaje, bado linakuamsha kabla ya jogoo? Na Bibi je, masikio yamefunguka au bado anachagua cha kusikia? Mimi mzima, nakula, nalala, ila mgongo unalalamika kwa kulala chini ya magari ya watu. Mwandiko unisamehe. Unajua shuleni mimi nilipita tu, kama mtu anayepita dukani bila hela.

Ujumbe uliompa dereva wa lori umenifika. Alinitolea wote bila kupunguza chumvi: nisikanyage kwako mpaka niache uzembe, maana nimeua injini ya mtu na kumwaibisha mwanao aliyeniombea kazi. Nilicheka mbele yake, si unanijua. Halafu nikaenda nyuma ya banda nikakaa juu ya tairi, cheko likakata lenyewe.

Hukuniuliza, Shangazi. Hapo ndipo palipouma. Wewe uliyenilea toka mama alipofariki ukasikia upande mmoja ukafunga faili. Sasa nisikilize na mimi, kisha useme utakalo.

Gari lenyewe ni la daktari wa meno. Mama mpole sana ukimkuta kazini kwake, lakini Jumamosi anapandisha mlima kwenye mashindano kama anafukuzwa na wenye mkopo. Gari dogo jeusi, lina turbo. Kitabu chake kinasema lita tano za oili. Ila yeye kaongeza kipoza oili kule mbele, na mabomba yake, na vyote hivyo vinataka kujazwa, kwa hiyo linakunywa sita na nusu. Nalijua hilo kama ninavyoijua sukari ya chai yako. Namimina, nawasha injini oili izunguke, nazima, naiacha itulie, ndipo kinachomolewa kijiti cha kupimia.

Na siku hiyo aliyekichomoa ni mwanao. Hapa gereji tunamwita Maridadi, maana mafuta na yeye hawasalimiani. Alikifuta kwa kitambaa chake cheupe, akakirudisha, akakitoa tena, akaniambia, "Imejaa, Kicheko. Funga boneti twende tukale." Hayo ni ya mdomo wake.

Sasa nikueleze filta, na usisinzie. Ni kopo la bati, ndani lina karatasi iliyokunjwakunjwa inayonasa uchafu wa oili. Ikichoka haioshwi, inatupwa. Kwa gari la mbio ndiyo kabisa, maana kule oili inachemka na inasukumwa kwa nguvu. Karatasi iliyochoka inabonyea, oili inakwama njiani, vyuma vinabaki vikavu vinasagana. Na filta ya gari la mizigo unaweza kukuta inaingia palepale kwenye gari la mbio bila ubishi. Hata viatu vya Mzee vinakuingia, lakini hebu kimbia navyo.

Mimi nina mchezo wangu. Kila filta ninayofunga naichora sura kitakoni kwa msumari. Za teksi nazichorea ndevu. Ya daktari wa meno ina meno yote nje. Ya gari la muuza mikate ina kofia. Wenzangu wananiona mwehu, wateja wanapenda.

Basi kule mlimani taa ya oili ikawaka. Daktari akasimama haraka, lakini injini ilikuwa imeshagonga kwa ndani, vyuma vimesagika. Yeye mzima, Mungu ashukuriwe. Gari lilipovutwa kurudi gereji, mwanao akamwambia mbele ya watu wote, mimi nimesimama hapohapo na spana mkononi: "Msamehe, daktari, huyu ndugu yangu hakusoma. Kaona tano kitabuni, kaweka tano. Hesabu ya kipoza imempita."

Nilimsubiri acheke. Nilijua ni utani wetu. Hakucheka.

Nikaivua ile filta nikaiosha kwa petroli. Rangi yake ya bluu ikaanza kubanduka, na filta mpya haibanduki rangi, Shangazi. Juu ilikuwepo sura yangu ya meno. Chini ya rangi ikatokeza nyingine. Ina kofia.

Filta ya gari la mikate. Niliivua kwa mkono wangu huu nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Na pipa hilo anayelipeleka kwa wanunua vyuma ni mwanao. Na stoo ya filta mpya, funguo anazo yeye. Ndipo nikakumbuka siku niliyomwona na bluu kwenye kucha, yeye asiyegusa hata grisi. Nikamtania, "Maridadi, umeanza kupaka kucha, harusi lini?" Akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka naye. Kumbe filta kuukuu zilikuwa zinapakwa rangi zifungwe kama mpya, na zile mpya zinauzwa pembeni, nami nilikuwa nachekea kaburi langu.

Nilimpelekea mkuu wa gereji. Akaigeuza mara mbili, akasema, "Michoro yako, filta yako. Unajishtaki mwenyewe." Maridadi alikuwepo, anakagua viatu vyake. Nikamwambia, "Sema basi, ndugu yangu."

Akasema, "Niseme nini tena, Kicheko, si umeshaambiwa?"

Sasa hivi naosha mazulia ya magari. Oili siruhusiwi kuigusa.

Unakumbuka kile kitanda chetu, yeye upande wa mlango, mimi wa ukutani? Alipokuwa anakojoa nilikuwa nasema ni mimi, kwa sababu yeye fimbo ilikuwa inamtia homa. Ile niliibeba kwa kupenda. Hii nimetupiwa nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Dereva wa lori anakuletea na mfuko mdogo. Ndani kuna kitako cha ile filta, nimekikata kwa msumeno. Mwanao anakuja kwako Jumapili, kaniaga kama hakuna kilichotokea. Usimgombeze. Mpikie chai, kiweke mezani karibu na sukari, umuulize tu huyu mwenye kofia ni nani. Halafu mtazame macho. Mimi na wewe tunajua anavyopepesa akidanganya. Asipopepesa, basi mimi ni mzembe na kwako sirudi. Akipepesa, mpe dereva neno moja tu, "njoo", nami nitakuja kukukanda hilo goti.

Nisalimie Mzee, na Bibi umsalimie kwa sauti ya juu. Mdogo wetu wa mwisho mwambie baiskeli yake aitie oili mnyororo, hiyo haihitaji filta. Na Maridadi pia msalimie, lakini baada ya chai. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na miguu isiyouma.

Ni mimi ninayekupenda hata ukininunia,

Kicheko, wa upande wa ukutani.