Mbwa Niliyekuchagulia, Baba

Sotik,
Jumapili, saa tatu asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako la kushoto, kwa sababu katika barua yako iliyopita hukulitaja, nami nakujua: jambo usilolitaja ndilo linalokusumbua. Je, unapanda matuta ya shamba bila kushika mti? Shangazi Mkawasi bado anakuletea uji asubuhi, au mmegombana tena juu ya sukari? Mimi ni mzima wa mwili. Mvua ya alasiri haijakosa hata siku moja wiki hii, na juzi ilishuka ya mawe, ikayatoboa majani ya chai upande wote wa juu wa kiwanda. Nimeyapima maabarani, nimeandika ripoti, na kazi inaendelea.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za chai. Nimekaa kwa sababu ya Kengele. Amelala kando ya mguu wangu ndani ya sanduku lake. Yu hai, ila sijui kama bado anasikia. Nitakueleza tangu mwanzo, bila kuruka, kisha uamue mwenyewe.

Sote wawili tunajua mbwa huyu amebeba nini. Siku ile jirani alipogonga mlango wako asubuhi nzima, akavunja dirisha akidhani umekufa, akakukuta mezani unasoma, hukusikia lolote, ndugu yangu Mwakio alikata shauri: ukifika mwezi wa Desemba bila mtu wala kitu cha kukuarifu anapobisha mgeni au sufuria inapoungua, atakushusha huko mlimani, akuhamishie kwake Voi. Wewe uliniandikia mstari mmoja tu: "Sitaki kufia kwenye joto la watu wengine." Ndipo nilipopendekeza teria, yule mbwa wa aina ndogo kabisa, afundishwe kuwa sikio lako. Mwakio alicheka, lakini alikubali kungoja. Muda uliobaki ni mwezi huu na nusu ya ujao.

Hujauliza nilivyomchagua, ingawa najua ungependa kujua. Nilimpata kwa mama mmoja mstaafu mjini Kericho, ambaye teria wake alizaa watoto wanne. Nilikwenda mara mbili, asubuhi na jioni, kwa kuwa mtoto wa mbwa aliyeshiba na mwenye njaa si kiumbe mmoja. Nilimtazama mama yao kwanza: meno, macho, na kama anatetemeka mgeni akiingia. Hakutetemeka. Niliwashika magoti mmoja mmoja, kwa sababu aina hii magoti yao huteguka upesi. Mwenyeji wangu alinisukumia yule mdogo kuliko wote, anayetosha ndani ya kikombe, akisema watu wa Nairobi wanawagombania wa namna hiyo. Nilimkataa. Udogo wa kupindukia ni ugonjwa unaongoja siku yake. Kisha niliangusha funguo zangu nyuma yao, sakafuni. Wawili walikimbia. Mmoja aliendelea kulala. Wa nne, mweusi mwenye nyusi za kahawia, aligeuka, akazifuata funguo, akazinusa, halafu akanitazama usoni kana kwamba ananiuliza ni zangu au si zangu.

"Wewe unanunua mbwa ama unasahihisha mtihani?" yule mama aliniuliza.

"Vyote viwili," nilimjibu. "Huyu amepita."

Nawe ukampa jina kwa barua, jina la kengele ya shule uliyoigonga miaka thelathini. Nilifurahi kuliko nilivyokuandikia.

Kumtunza si mchezo. Anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa maana akikaa na njaa sukari ya mwili hushuka na miguu humlegea. Baridi ya huku humwingia mifupani, hivyo nilimshonea sweta kutoka mkono wa sweta yangu kuukuu. Hafungwi mkanda wa shingoni bali wa kifuani, kwa kuwa koo lake ni jembamba kama mrija. Haruhusiwi kuruka kutoka kitini. Hatoki nje peke yake, maana mwewe wa huku hawatofautishi teria na kifaranga. Kila Jumatatu nampeleka kwenye senta ambako wakulima hupimiwa majani ya chai, namtia ndani ya mfuko, karani anamning'iniza kwenye mizani. Wiki ya kwanza karani alisoma, akakuna kichwa, akawageukia wakulima: "Kilo mbili. Toa moja ya gunia, toa nusu ya maji ya mvua. Mama, mbwa yako ni nusu kilo, ukubali ama urudi nayo nyumbani." Walicheka wote, kicheko chenye uchungu kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyokatwa wao.

Mafunzo yalikuwa yakienda vizuri. Akisikia hodi, au kifuniko cha sufuria kikitikisika, alikimbia kwangu akaniwekea makucha mawili kwenye muundi wa mguu, nami nampa kipande cha ini la kuchemsha. Sikumfundisha kubweka. Kubweka kwake kungekusaidia nini wewe? Nilimfundisha kugusa.

Sasa nafika Jumamosi, yaani jana.

Ninapokuwa kazini, Kengele hubaki na Mama Chebet, mwenye nyumba ninayopanga. Ni mama wa makamo, mjane, ana ng'ombe watatu wa maziwa na robo ekari ya chai. Ananiita Daktari kwa sababu ya koti langu jeupe la maabara, nami nimechoka kumsahihisha. Ana huruma kupita kiasi. Mara mbili nimemkuta akimlambisha Kengele mursik, maziwa yale ya kulala kwenye kibuyu, na kila nikimkataza hunijibu, "Lakini anapenda!" Kwa hiyo nilimwandikia kanuni kumi na moja, nikazibandika mlangoni. Kanuni ya saba naikumbuka neno kwa neno: "Kupe akionekana, aondolewe mara moja, asiachwe hata dakika."

Niliporudi saa nane mchana, alinipokea langoni akitabasamu.

"Daktari, kazi yako nimefanya. Hata ungekuja na askari ungenipata sina makosa."

"Kazi gani, Mama Chebet?"

"Si uliandika kupe asikae hata dakika? Nilipata tatu. Moja ndani ya sikio, imenona kama maharagwe. Nikampiga dawa yote, mpaka ndani ya masikio. Sasa ananuka, lakini hakuna mdudu itamgusa."

"Dawa gani?"

"Hii ya ng'ombe. Leo si ni siku ya kupulizia? Pampu ilikuwa imebaki na kidogo."

Baba, nilimpita mbio kuelekea jikoni. Huku kila Jumamosi ng'ombe hupuliziwa dawa ya kupe, na hakuna mkulima anayethubutu kuiacha siku ipite. Dawa hiyo huchanganywa kwa kipimo cha mnyama wa kilo mia nne. Nilimkuta Kengele nyuma ya jiko, juu ya gunia, amelowa, macho nusu wazi. Nilimwita. Hakugeuza hata sikio. Nilimsimamisha, miguu ikafunguka pande nne kama kigoda kilicholegea. Nilimwekea kidole pajani nikahesabu mapigo: arobaini na nane kwa dakika. Mbwa wa ukubwa wake hupiga zaidi ya mia.

"Amelala tu," Mama Chebet alisema, lakini sauti ilikuwa imeanza kumpotea. "Hata kuku hajasumbua."

"Hajalala. Lete maji ya vuguvugu na sabuni ya kuogea. Upesi, Mama."

Tulimwosha mara tatu, nikimkinga macho kwa kitambaa. Tukamkausha, tukamfunga ndani ya blanketi na chupa mbili za maji ya moto. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akaja kwa pikipiki, buti zake zikiwa na samadi. Alimtazama Kengele, akanitazama mimi.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema. "Huyu hata nikitaka kumdunga, sindano itatokea upande ule mwingine."

"Ipo dawa ya kuirudisha hii?"

"Ipo, lakini si hapa. Niagize Nakuru leo, ifike kesho kutwa. Kufikia hapo atakuwa amepona ama mmeshazika. Umefanya vizuri kumwosha. Mweke joto. Akiweza kumeza, mpe maji ya asali tone kwa tone. Ukimlazimisha yataingia kwenye mapafu."

"Na masikio?"

Alifunga mkoba wake. "Masikio sijui, madam. Sitakudanganya. Ng'ombe hatumpimi masikio."

Alipoondoka, Mama Chebet aliketi kwenye ngazi ya mlango, mikono mapajani.

"Ile ng'ombe yangu nyeusi," alisema, "ilikufa na kupe. Mtamba, mimba ya kwanza. Asubuhi inakula, jioni imelala. Tangu hiyo siku, mimi siwezi kuona kupe nikae. Ningejua, Daktari... Si uliandika aondolewe?"

Ndivyo nilivyoandika, Baba. Nilikaa kuisoma tena ile karatasi mlangoni, nikauona moyoni wino wako mwekundu pembeni mwa kanuni ya saba, kama ulivyokuwa ukinifanyia darasa la sita: "Kwa njia gani?" Nilimwandikia mwanamke aliyepoteza mtamba kwa kupe kwamba kupe asiachwe hata dakika, nikamwachia siku ya kupulizia na pampu mkononi, halafu nikaenda kazini nikijisifu kwa usahihi wangu. Makosa ni yangu. Sikumwambia hivyo jana. Nilikuwa na hasira, nikanyamaza, naye akaenda zake bila kuaga. Hilo nalo linanikera.

Leo alfajiri mapigo yalikuwa sabini na mbili. Saa kumi na mbili alilamba asali kwenye kidole changu. Saa moja alikunywa maji mwenyewe. Haya ni mema. Lakini saa mbili nilimfanyia mtihani, na sikupaswa, kwa sababu mgonjwa hapimwi akiwa homani, ila sikuweza kujizuia. Niligonga mlango kwa ndani. Hakuinuka. Nilitikisa kifuniko cha sufuria. Hakuinuka. Niliangusha funguo, zile zile za Kericho, nyuma ya kichwa chake. Alikuwa macho, Baba. Alikuwa ananitazama. Hakugeuka.

Huenda ni uchovu. Huenda ni dawa bado ikimkalia ubongo. Au huenda ni ile iliyoingia masikioni. Sina njia ya kutenganisha haya matatu, na kila nikijaribu ninarudi pale pale: Desemba, gari la Mwakio, na vitabu vyako ndani ya makatoni.

Saa sita mchana.

Niliiacha kalamu kwa sababu ya jambo ambalo nitakueleza lilivyotokea, bila kuongeza.

Nilikuwa nimeketi hapa mezani nikisoma niliyokuandikia. Nyumba ilikuwa kimya, watu wakiwa kanisani. Nilihisi kitu kwenye muundi wa mguu wangu wa kulia. Nikatazama chini. Kengele alikuwa ametoka kwenye sanduku, anayumba, akiburuta mguu mmoja wa nyuma, na amesimama akiniwekea makucha mawili. Halafu akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nilifikiri ni njaa. Alinigusa mara ya pili. Nikaenda kufungua.

Mama Chebet alikuwa amesimama nje na nguo zake za kanisani, bakuli la mayai ya kuchemsha mkononi. Hakuwa amebisha. Aliniambia amesimama pale kitambo, anainua mkono, anaushusha.

"Nilikuwa naogopa kuuliza," alisema. "Nimesema nikisikia unalia nirudi."

"Mama Chebet, umevaa viatu gani?"

Alinitazama kama mtu aliyeona nimechanganyikiwa. "Raba. Za mvua zimelowa. Kwani?"

Raba hazina mlio, nilimjibu, na huyu amezisikia; nikamwonyesha Kengele, aliyekuwa amejikokota mpaka kizingitini. Mama aliweka bakuli chini, akaketi hapo hapo na nguo zake nzuri, akafunika uso kwa leso. Ndipo nilipomwambia kwamba kanuni ya saba niliiandika vibaya, na kwamba kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Alijibu kutoka ndani ya leso: "Sasa hiyo karatasi toa mlangoni. Uniambie na mdomo."

Nimeitoa.

Sitaki upokee furaha iliyozidi kipimo. Mguu wa nyuma bado anauburuta. Mapigo ni tisini. Nimegonga mlango tena tangu hapo: mara moja amekuja, mara moja amebaki amelala. Daktari atapita kesho. Inawezekana sikio moja limesalimika na lingine halikusalimika, na inawezekana nitakuletea mbwa mlemavu, wa kusaidia mzee mwenye ukaidi. Nakala ya barua hii nitampelekea Mwakio, asije akasema tulimficha. Najua ataitumia dhidi yetu. Bora aitumie akiwa na ukweli wote.

Nisalimie Shangazi Mkawasi, umwambie sukari kijiko kimoja, si viwili. Msalimie jirani aliyevunja dirisha. Alivunja kwa upendo, na mwaka huu nimejifunza kuliheshimu kosa la namna hiyo. Wasalimie pia wale wanafunzi wako wa zamani wanaokuja kukuchotea maji. Mama Chebet anakusalimu, ingawa anaona haya, na ametuma neno kwamba ukija huku hutapigwa dawa.

Chini ya jina langu nimekuachia mistari mitatu mitupu. Andika hapo kama bado unamtaka Kengele jinsi alivyo leo, wala si jinsi nilivyokuahidi. Tumia wino mwekundu, na unirudishie karatasi hii hii. Mpaka nitakapoipata, kila asubuhi nitakuwa nikibisha mlango wangu mwenyewe na kuhesabu ni mara ngapi Kengele amekuja.

Binti yako,
Wakesho

..............................................

..............................................

..............................................