Dole Gumba Chini ya Maji

Malaba, 4 Februari 2024

Mpendwa mjukuu wangu Vivianne,

Nakusalimu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limezeeka kunipita. Wewe je, unalala vizuri humo melini? Winny wa duka la simu ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie. Amenicheka kwa kuandika "Mpendwa".

Nimesoma mara tatu jinsi watalii wanavyoishi melini wiki nzima huko Maldivi, wakihama kisiwa hadi kisiwa, nawe kazi yako ni kuwashusha chini kutazama matumbawe. Nilipomweleza jirani yetu Akiteng kwamba mnapumua kwa mrija, alisema, "Mwalimu, kama ni mrija tu, wazee wetu wa Teso wangeshafika chini ya bahari. Si kila siku wako kwenye mirija ya pombe ya wimbi?"

Tangu mto Nzoia ufurike na kututoa kijijini Rukala ukiwa mtoto wa mgongoni, nilidhani ukoo wetu umemalizana na maji. Kumbe.

Nakutumia na picha yangu. Ona dole gumba: niko salama.

Babu yako,
Kuka Barnabas

Melini, 19 Februari 2024

Shikamoo Kuka,

Goti linaendeleaje? Mwambie mama Akiteng nimecheka mpaka wenzangu wakauliza nina nini.

Lakini hiyo picha yako, Kuka! Chini ya maji, kuinua dole gumba si kusema uko salama. Ni kusema, "Nataka kupanda juu, sasa hivi." Ukiiona hiyo huulizi sababu, mnapanda wote. Ukiwa sawa, unakutanisha dole gumba na kidole cha shahada kama pete. Ujizoeze.

Matumbawe mengine yana rangi kama vitenge vya sokoni Busia. Mengine yamekuwa meupe, yamekufa.

Kuna jambo. Sikio la kulia linaniuma wiki ya pili sasa, na juzi nilipanda na damu puani. Msimamizi anasema nitazoea. Naogopa, Kuka. Nikiacha kazi nirudi Malaba, utanipokea?

Mjukuu wako,
Vivi

Malaba, 2 Machi 2024

Mpendwa Vivi,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile. Sikio je?

Swali lako nimekaa nalo siku kumi na mbili. Dancan uliyesoma naye ana shahada ya ualimu, na kutwa yuko kwenye foleni ya malori mpakani akibadilisha shilingi za Uganda. Hiyo ndiyo kazi iliyopo hapa. Sisi tulikimbia maji mara moja, na tangu hapo naitwa mgeni hata kwenye ua nilioupanda kwa mikono yangu. Usikimbie mara ya pili. Vumilia hadi Desemba.

Nakutumia picha nyingine. Safari hii ni pete ya vidole. Umeona nimejifunza?

Kuka

Malaba, 20 Machi 2024

Vivi,

Hujambo? Winny anasema barua yangu uliisoma siku ile ile. Mbona hujibu? Ikiwa umenikasirikia, andika hivyo tu.

Kuka

Malaba, 14 Aprili 2024

Mpendwa Vivi,

Sikuulizi habari za afya.

Watu wa meli waliandika kwamba ulishuka na watalii wanne wa mara ya kwanza, mkondo ukakuchukua, wakakutafuta siku sita. Walituma picha aliyoipiga mtalii mmoja dakika chache kabla. Macho yako ni makubwa nyuma ya kioo. Umeinua dole gumba.

Shangazi yako Petronilla ameiweka kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Jana kwenye maombi mhubiri aliiinua akasema, "Tazameni, alikuwa na furaha mpaka mwisho!" Ua wote ukainua madole gumba kukuaga. Akiteng alinigusa bega: "Mwalimu, na wewe inua." Mikono yangu niliikalia.

Sikuwaambia. Wamefarijika, na ishara hiyo ulinifundisha mimi peke yangu. Lakini yule mtalii aliona kama wao wanavyoona, akapiga picha. Nami siwezi kumlaumu. Wewe uliniinulia mimi kwanza, kwa maandishi, na nikakujibu kwa pete.

Kesho tutazika shina la mgomba mahali pako, kama tunavyowafanyia wetu ambao maji hayakuwarudisha. Barua hii Winny hataipiga picha. Itaingia kwenye jeneza, ubavuni mwa mgomba.

Swali lako la tarehe 19 Februari nalijibu sasa. Ndiyo, Vivi. Panda. Nitakupokea.

Kuka