Kisima cha Baba Zaina

Ijumaa, baada ya Alasiri. Jua limeganda juu ya mabati kama halina pengine pa kwenda. Huku kwetu nyuma ya mji upepo wa bahari haufiki. Naandika nimekaa mlangoni, vumbi miguuni, sina hamu hata ya kunawa.

Shajara yangu, leo nataka kukueleza habari ya kisima.

Marehemu mume wangu, Baba Zaina, alikichimba kwa mikono yake tulipohamia hapa Kilwa Masoko kutoka Kiranjeranje. Wakati huo huku nyuma ni sisi na mikorosho tu. Udongo ni kidogo, chini yake mwamba mtupu. Mafundi walikuwa wanapiga sululu mara mbili tatu wanakwenda zao. Yeye akahangaika mpaka akapata mahali mwamba umepasuka, akashuka na mpasuko ule mpaka akakuta maji. Matamu, hayana chumvi. Akasema hii ni sadaka, asidaiwe mtu. Mawe aliyoyatoa yapo mpaka leo, rundo zima pembeni ya kisima. Wanawake hukaa juu yake wakingoja zamu.

Alipofariki, watu wa mtaa wakajizoesha jambo moja. Mtu akivuta ndoo ya kwanza, anachota kwa kiganja, anakunywa funda moja, anasema, "Mungu amrehemu aliyechimba." Hakuna aliyewafundisha. Nami asubuhi nikiwa jikoni nilikuwa nazima redio niisikie dua ile. Mjane ana furaha gani nyingine?

Sasa mji umekua. Mikorosho imekatwa, vimepimwa viwanja, nyumba zimebanana. Na kila nyumba inataka choo. Mtu akiuliza achimbe wapi kwenye mwamba kama huu, jibu lilikuwa moja: kwa Baba Zaina ni laini. Basi wakaja mmoja mmoja, wakafuata mpasuko ule ule alioufuata marehemu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tumekizungushia kisima chetu vyoo kama tunakivisha shanga.

Utasema, si kuna bomba? Lipo. Liliwekwa mji ulipokuwa mdogo, na watu wote hawa hawakuwapo. Nyumba za wageni kule mbele zina pampu, zinavuta. Likifika kwetu linakohoa upepo, linatema kutu kidogo, limemaliza. Boza la maji likija, linajaza matangi ya wenye matangi. Sisi wa ndoo tunalitazama linavyopita.

Jumatano alikuja bwana afya, kijana mwenye adabu. Alikuwa amechukua maji yetu kwenye chupa siku za nyuma, watoto walipoanza kuharisha. Akanipa shikamoo, akainama, hakutaka kuniangalia. "Mama, maji yameingiliwa na vyoo. Yasinywewe tena. Ukiweza, kifunge." Akatuachia vidonge vya dawa ya maji. Viliisha kabla havijafika nyumba ya mwisho.

Siku hiyo Shafii, mtoto wa jirani yangu Mwanahamisi, alikuwa amelazwa, macho yameingia ndani.

Sikukifunga.

Nikiri tu, maana hapa naongea na nafsi yangu. Niliwahurumia watu kukosa maji, hilo ni kweli. Lakini zaidi niliogopa dua ile isije ikakoma. Niliona kama nitakuwa namzika Baba Zaina mara ya pili.

Jana nikaenda kwa maalim wa msikiti wetu, nikamuuliza kama nikifunga kisima nitakuwa nimemkatia marehemu thawabu zake. Akasema, "Alizozipata amezipata, mama. Lakini sadaka ni ya kunufaisha. Ikidhuru watu, unataka imfikie nini huko aliko?"

Nilirudi nyumbani sikula.

Asubuhi ya leo nikaweka mfuniko wa mbao, nikatia kufuli. Wanawake walikuja na ndoo zao wakakuta hivyo. Bi Somoe, ambaye ni mtani wangu na hana breki za mdomo, akasema, "Haya Mama Zaina, kisima umefunga, basi lala hapo tukukamue wewe! Mwili wote huo hukosi ndoo mbili." Tukacheka. Kisha mmoja nyuma akasema, siyo kwa utani, "Anataka kuanza kutuuzia huyo." Kicheko kikaisha hapo hapo.

Baada ya Sala ya Ijumaa Mwanahamisi akarudi kutoka hospitali. Shafii yuko mgongoni, mwepesi kama kanga tupu. Wamemruhusu, lakini tumbo halijatulia. Alikuja moja kwa moja kisimani na ndoo, akaliona kufuli. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

"Mama Zaina, nguo zote za mtoto zimechafuka. Nimfulie na nini?"

Nilikwenda kuchukua ufunguo. Nikamwambia, "Ya kufulia tu, mwanangu. Usinywe, wala usimpe mtoto." Akasema, "Nimesikia, mama. Hospitali wametuambia hivyo hivyo."

Akavuta ndoo. Amekesha, amechoka, jua la mchana limempiga njia nzima. Ndoo ilipofika juu, akachota kwa kiganja, akanywa funda moja.

"Mungu amrehemu aliyechimba."

Alisema hivyo huku ananitazama, kwa heshima, kama anavyonifanyia siku zote. Sidhani kama alijua amekunywa. Mkono umezoea, ulimi umezoea. Na mimi, badala ya kumpiga mkono ule, nilijikuta nimeitikia Amina.

Wengine walipoona kisima kiko wazi wakaja na ndoo zao. Nilisimama pale nikimwambia kila mmoja ni ya kufulia tu. Wote waliitikia ndiyo, mama. Na kiganja hakikukosa kwenda mdomoni, na marehemu akaombewa kila mara. Nimeona wazi kwamba kufuli haliwezi kuwazuia watu hawa, maana wanakunywa kwa mapenzi. Wanakunywa kwa ajili yangu.

Najua boza halitakuja kwa ajili yetu. Najua bomba litaendelea kukohoa. Najua kina Mwanahamisi watatembea mbali na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na yule aliyesema nataka kuwauzia atakuwa na mengi ya kusema. Sina la kuwapa badala yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baba Zaina, nisamehe. Dua nitakuombea mimi, kwa mdomo mkavu.

Kesho nikishasali Alfajiri, kabla hawajaja na ndoo zao, nitakwenda kwenye rundo lile la mawe uliyoyatoa. Nitaanza kuyarudisha.