Sauti Kutoka Ghala la Viazi

Alhamisi, 8 Machi 1979

Muziki wangu umepigwa redioni! Nilikuwa jikoni kwa kaka yangu Harm, mikono ndani ya povu, mara nikausikia. Ile sehemu ya kati, sauti inapopanda polepole kama ukungu mashambani. Sahani ikanitoka. Mtangazaji kasema Geeske Wubbena wa Groningen kafanya yote haya peke yake, na sintesaiza moja, kinanda cha umeme, juu ya ghala la viazi. Kasema kwa mshangao, si kwa kejeli.

Harm kaingia na koti lililolowa. Nikamwambia ni mimi.

"Ile mashine yako inayovuma kama ya kukamulia ng'ombe?"

"Hiyohiyo."

Kakaa, kasikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mimi viazi havijanitangaza redioni hata siku moja."

Nimecheka mpaka nikalia. Au kinyume chake.

Jumamosi, 10 Machi

Kijiji kizima kinajua. Kwa mwokaji mikate wamenisimamisha, kila mtu na swali lake. Mama Medema kanishika mkono. Mumewe ndiye mzee wa kanisa aliyenitoa kwenye kinanda chao, kwa sababu Pentekoste ile nilipandisha sintesaiza mbele na kuifanya ivume kama upepo. Upepo wa Pentekoste! Nilidhani wataelewa. Wakaniambia nichague: kinanda cha kanisa au hicho kidude. Nikachagua kidude.

"Mzee kakusikia redioni," kaninong'oneza.

"Kasemaje?"

"Kasema ni makelele. Lakini hakuzima, mwanangu. Hakuzima."

Jumanne, 20 Machi

Kalsbeek wa kampuni ya santuri iliyotoa muziki wangu kaja kutoka Hilversum. Viatu vyake vizuri vimeishia kwenye matope yetu. Santuri yangu inagombaniwa madukani, anasema. Anataka onyesho — ukumbi mkubwa, Groningen mjini, Jumamosi baada ya Pasaka. Halafu, bila kunitazama usoni: tepu iliyorekodiwa itapiga kila kitu. Mimi nisogeze vidole tu.

"Mashine hizi hazitabiriki, bibie. Taa zikiwaka, joto likipanda, zinapoteza sauti yake sahihi. Utaumbuka mbele za watu. Na nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe peke yako!"

"Watu wanakuja kunisikia, si kunitazama nikipapasa kinanda kama paka."

Harm, kutoka mlangoni: "Bwana, huyu ukimwambia haiwezekani, ndiyo umemtia ufunguo."

Kalsbeek kamaliza kahawa yake. Tepu itakuwepo pembeni, kasema, endapo lolote litatokea. Endapo!

Jumatano, 4 Aprili

Kalsbeek hajakosea. Nimewasha hita kubwa ghalani nijaribu. Joto lilipopanda, nota zikaanza kuteleza, kila moja na njia yake, kama ndama waliofunguliwa. Vibaya. Vibaya sana.

Naogopa.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Nimepata! Nilikuwa nashindana nayo bure. Inapoteleza, niifuate. Mkono wa kushoto unapiga, wa kulia uko kwenye vifundo vya kurekebisha sauti, unakamata kinachotoroka. Kwa sikio tu. Na hapo katikati, sauti mbili zikikaribiana bila kukutana, zinatetemeka, zinagombana — uzuri wake! Kisha zinatulia, zinakuwa moja.

Harm yuko na fulana tu, jasho linamtiririka. "Viazi vyangu vitachipua, Geeske!"

"Vumilia wiki moja."

"Mwambie hivyo kiazi."

Jumanne, 17 Aprili

Mzee Medema! Ghalani! Kofia mkononi, kapanda ngazi mwenyewe na magoti yake yale mabovu. Kazunguka mashine kama anayekagua ng'ombe wa kununua. Mpiga kinanda wao mpya kahamia mji wa Assen, kasema. Ningeweza kurudi?

"Na hiki?" nikamwuliza.

Kaigusa mashine kwa ukingo wa kofia. "Pentekoste tu," kasema. "Na usiivumishe sana."

Nimemwambia nitafikiri. Mimi! Nimemwambia Medema nitafikiri!

Jumamosi, 21 Aprili

Chumba cha nyuma ya jukwaa. Naandika nimesimama, daftari juu ya kasha la spika. Lazima niandike sasa, kesho nitajidanganya.

Ukumbi umefurika hadi kwenye ngazi. Kibao cha kwanza — safi. Cha pili, taa zimechoma, sauti ya chini ikaanza kuteleza. Nikamwona Kalsbeek pembeni, kidole juu ya kitufe cha tepu. Nikamtikisia kichwa. Hapana! Nikafumba macho. Kushoto piga, kulia tafuta. Sauti zikagombana, mbao za jukwaa zikatetemeka chini ya miguu yangu, nikazivuta, nikazivuta — zikakutana.

Nikafumbua macho.

Kisha mtu mmoja kapiga yowe. Kisha wote! Wamesimama kabla sijamaliza. Wanadhani nilikusudia. Na kufikia kibao cha mwisho nilikuwa nakusudia kweli, naiachia iteleze makusudi ili niwasikie wakishika pumzi.

Kalsbeek kanikumbatia, shati lake limelowa kuliko langu. "Ile tepu nimeikalia," kasema. "Nisije nikashawishika." Tayari anazungumzia Hamburg, na Paris. Harm kasimama mlangoni, tai imemkaba, macho mekundu.

"Ni moshi," kasema.

"Moshi gani?"

"Wa humu humu. Acha maswali."

Bado wanapiga miguu chini. Vikombe vinaruka mezani. Wanataka tena, na mimi nimewapa vyote nilivyotunga. Sijawahi maishani kupiga kitu ambacho hakijatungwa kwanza.

Kalsbeek: "Rudia kile cha redioni, wanakipenda."

Harm: "We nenda tu. Utajua ukifika."

Sasa wanaita jina langu. Ukumbi mzima!

Naenda. Si kile cha redioni. Nitaanza na nota moja, ya chini kabisa. Ya pili bado siijui.