Uvimbe Ulipoisha Shingoni

Nairobi,
4 Machi 1979

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na Mama hapo Kaloleni, Voi, hamjambo, na kwamba mguu haukusumbui kazini stesheni. Mimi naendelea.

Uvimbe wangu wa shingoni si kifua kikuu kama tulivyodhani. Madaktari wa hospitali nilikolazwa walikata tezi moja, wakaitazama kwa hadubini. Ni limfoma, saratani ya tezi: chembe za damu zinazotulinda na maradhi zimeanza kuzaliana ovyo. Dawa ni sindano na vidonge, kwa awamu. Baada ya kila awamu napumzishwa ili damu ijijenge. Daktari anasema wengi hupona wakizimaliza zote.

Najua tuliachana vibaya nilipokataa kuolewa na Gibson. Nijibu hata hivyo.

Binti yako,
Wakesho


Voi,
20 Mei 1979

Mwanangu Wakesho,

Sisi tu wazima, ila mvua imetunyima. Mama yako anakusalimu sana.

Barua yako ilinishtua. Wazee wenzangu wa kanisa wakisikia watanitoa benchi la mbele, lakini nilipanda milimani kwa kaka yangu Silvanus, nikatasa kwa desturi yetu ya kale. Nilitia maji mdomoni, nikasema hasira yangu yote juu yako, nikayatema, nikakuombea heri. Silvanus akauliza, "Umemaliza, au nikuletee mtungi mwingine?"

Sasa binamu yako Elsie, aliyekuja kukuona, anasema shingo yako ni laini kabisa. Umeona? Basi dawa inayokunyonyoa nywele ni ya nini tena? Rudi nyumbani. Ukikataa, nitajua umeikataa baraka yangu.

Baba yako


Nairobi,
2 Juni 1979

Baba yangu,

Nafurahi kusikia mko wazima.

Niliposoma kwamba umenitasia nililia, mpaka muuguzi akadhani nina maumivu. Nimeipokea baraka. Lakini siwezi kurudi. Uvimbe umeisha, ila chembe zisizoonekana bado zimo. Nikiacha sasa, zitarudi na dawa haitaziweza. Usinilazimishe kuchagua. Maji yako na sindano zao, vyote navitaka.

Wakesho wako


Nairobi,
30 Septemba 1979

Baba,

Hamjambo huko? Naandika tena bila kupata jibu. Elsie anasema mko wazima, na kwamba jina langu likitajwa unatoka nje.

Awamu ya mwisho imekwisha. Daktari amenipapasa shingo na makwapa, hakupata kitu. Nitakuwa narudi kupimwa. Nilitaka kumwambia mtu. Jirani yangu wa kitanda alikuwa amelala, nikamwambia hivyo hivyo.

Ijumaa naruhusiwa kutoka. Nitapanda treni, lakini sijui nishuke Voi au nipitilize mpaka Mombasa kwa Elsie. Kama umenikasirikia tena, sema. Hasira iliyosemwa tunajua namna ya kuitema. Hii ya kunyamaza, Baba, nakaa nayo peke yangu.

Binti yako,
Wakesho